Mwalimu Aliyefundisha Watu Wazima Tabora

Wewe uliyeko Isikizya waijua vema Tabora, mji ambao zamani misafara kutoka Bagamoyo ilipumzika kabla ya kushika njia ya Ujiji. Mwaka 1946 alianza kazi huko mwalimu kijana, Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake, Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake ni Mgaya. Usidhani kwamba mtoto wa mtemi aliwahi kusoma mapema. Alianza shule Musoma mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Baadaye alisoma Tabora, kisha Makerere, Uganda, alikopata diploma ya ualimu.

Aliweza kufundisha katika shule ya Serikali, lakini akachagua St. Mary's, shule ya misheni mjini Tabora. Mchana aliwafundisha vijana elimu ya viumbe. Nafasi ilipopatikana, aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini, bila kudai hata senti. Hapo ndipo habari hii inapotuhusu sisi. Mtu mzima kukaa mbele ya kijana na kukosea neno si jambo jepesi; wewe walijua hilo.

Alikuwa pia mtunza fedha wa chama cha T.A.A. mjini. Tawi lilifungua duka la ushirika, likauza sukari, unga na sabuni. Serikali nayo ilimpa kazi ya kukagua bei madukani. Akaandika taarifa za wenye maduka waliowapunja watu. Taarifa zake hazikujaliwa, naye akaiacha kazi hiyo.

Krismasi ya mwaka 1948 alichumbiana na Maria Gabriel, mwalimu wa shule ya Nyegina, Musoma. Uchumba ulikuwa mrefu, kwa maana mwaka 1949 bwana alikwenda kusoma Edinburgh, akarudi mwaka 1952. Walioana Januari 1953, wakahamia Pugu, karibu na Dar es Salaam, ambako alifundisha tena.

Mwaka 1954 akawa rais wa TANU. Mwaka uliofuata aliambiwa achague: siasa au ualimu. Fikiri, una mke na nyumba ya kulisha, na mshahara ni huo mmoja. Alijiuzulu. Akarudi kwao na jamaa yake, na huko akamfundisha padri mmoja wa Kimarekani lugha ya Kizanaki.