Gazeti Tando, Blogu na Jukwaa: Historia Fupi ya Istilahi za Uandishi wa Siasa Mtandaoni

Kila chombo kipya cha mawasiliano kinapoingia nchini, lugha hudaiwa kazi mbili: kukipa jina, na kuiwekea maana ya jina hilo mipaka. Kazi ya kwanza aghalabu hufanywa na watumiaji wenyewe, upesi na bila kikao. Kazi ya pili huchelewa. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa uandishi wa siasa katika intaneti hapa Tanzania, kwamba kuchelewa huko si jambo la wanaisimu peke yao. Humgusa mwananchi katika mfuko wake, na pengine katika uhuru wake.

Yafaa tuanze kabla ya intaneti. Mwaka 1937 Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyeishi Dar es Salaam, alianzisha gazeti la Kwetu, lililobeba maoni na malalamiko ya Waafrika wa mji huo. Katika miaka ya 1950 chama cha TANU kilikuwa na Sauti ya TANU, karatasi chache zilizotolewa kwa mashine ya stensili. Udogo wake haukuiepusha na sheria: mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere alitiwa hatiani kwa kuwakashifu maofisa wa serikali ya kikoloni katika karatasi hizo, akalipa faini ya shilingi 3,000. Neno gazeti lilivitosha vyombo vyote viwili, kwa kuwa vyote vilichapwa, vilisambazwa kwa mkono, na vilikuwa na mtu anayejulikana wa kuwajibika.

Mwaka 2004 Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, alianzisha Jikomboe, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake kwa Kiswahili. Jambo lenyewe lilikuwa jipya hata kwa Kiingereza: neno weblog lilianza kutumika mwaka 1997, na mwaka 1999 likafupishwa kuwa blog. Miongoni mwa waandishi wetu wa awali likatumika neno gazeti tando. Hili ni neno ambatani lililoundwa kwa ustadi. Sehemu yake ya kwanza inamwonyesha msomaji kazi ya chombo. Ya pili, inayotokana na kutanda, inaonyesha mahali kinapokaa. Asiyepata kukiona chombo hicho angeweza kukisia maana yake.

Tukumbuke pia kwamba sehemu ya pili ya neno la Kiingereza ilitoka baharini. Ilikuwa kipande cha ubao kilichotupwa majini ili kupima mwendo wa meli, kisha daftari la kuandikia vipimo hivyo na habari za kila siku za safari. Mabaharia wa pwani yetu wana neno batli kwa kipimo hicho hicho cha mwendo. Wanablogu wetu hawakulichukua, na hawakukosea: istilahi hutafsiri kazi ya kitu, si ukoo wa jina lake katika lugha nyingine.

Hata hivyo, lililoshinda ni neno la kutohoa, blogu. Sababu zake zinaeleweka. Ni fupi, linaishia kwa irabu, na lilizaa bila taabu kublogu na mwanablogu, wakati gazeti tando halikuweza kuzaa kitenzi. Katika ushindi huo tulipata wepesi, lakini tulipoteza maelezo. Blogu halimwambii mgeni wa neno hilo kama kitu hicho ni gazeti, ni barua ya wazi, ama ni shajara iliyoachwa mlangoni.

Neno mtandao nalo lilipita katika njia yake. Mwaka 2005 ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Katika siasa za mwaka huo, wanamtandao walikuwa kundi ndani ya CCM lililomuunga mkono Ndugu Jakaya Kikwete apate kuteuliwa kugombea urais. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, mpigapicha Muhidin Issa Michuzi alianzisha blogu yake akiwa Helsinki, nayo ikawa miongoni mwa zilizosomwa sana nchini. Hivyo msomaji aliyekuta habari za mtandao alipaswa kuuliza kwanza ni mtandao upi. Muktadha ndio uliomwongoza. Kamusi ilikuwa bado haijamfikia.

Mwaka 2006 ilianzishwa Jambo Forums, iliyoitwa JamiiForums tangu 2008. Hapa kulihitajika neno la tatu, kwa sababu chombo hiki hakikuwa na mwandishi mmoja, bali wengi, na wengi wao walitumia majina ya kubuni. Jina lililokubalika ni jukwaa. Mfululizo wa majibu katika hoja moja ukaitwa uzi. Maneno yote mawili ni ya Kiswahili cha siku zote, yaliyopanuliwa maana tu.

Katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke, kama Mwananyamala na Tandika, wakazi walikuwa na chombo cha jinsi hiyo tangu zamani, nacho ni kijiwe. Hapo kichwa cha habari kilichosomwa bila malipo kwenye meza ya muuza magazeti huchambuliwa hadi jioni. Wakati kompyuta ya nyumbani ilikuwa anasa, kijana wa huko alilipia dakika chache katika mkahawa wa intaneti, akasoma, kisha akaupeleka uzi kijiweni kwa mdomo. Milipuko ya mabomu katika kambi ya jeshi ya Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, ilionyesha pia mwendo wa kinyume: habari za kitongoji ziliingia katika blogu na kusomwa nchi za mbali. Tofauti moja lakini ni kubwa. Kijiweni msemaji hujulikana kwa uso. Jukwaani hujulikana kwa jina alilojipa.

Tofauti hiyo ndiyo iliyofika mahakamani. Baada ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, polisi waliwataka wenye JamiiForums wawataje baadhi ya waandishi wake. Desemba 2016 mmoja wa waanzilishi, Maxence Melo, alishtakiwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu. Machi 2018 zikatoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizomtaka mwanablogu alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 za kila mwaka. Mwezi Juni Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru wasiosajiliwa wasitishe kazi, na JamiiForums ikafunga milango kwa muda. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020, lakini swali la istilahi lilibaki.

Swali lenyewe ni hili. Kijana wa Mbagala anayeandika maoni yake juu ya diwani wa kata yake, je, ana gazeti, ana blogu, ama anachangia jukwaa? Mwaka 2018 jibu lilikuwa na thamani ya shilingi 2,100,000, na lilitolewa na kanuni zilizoandikwa kwa Kiingereza, wakati yeye aliandika kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo maneno yaliyozaliwa katika mikahawa ya intaneti sasa hayana budi kusimama mbele ya hakimu.

Tunapendekeza, basi, maana tatu zitenganishwe. Blogu iwe maandishi ya mtandaoni ya mtu mmoja au kikundi kidogo kinachojulikana, yanayotolewa kwa mfuatano wa tarehe. Jukwaa liwe mahali pa mtandaoni ambapo watu wengi huandika, na mwenye mahali si mwenye maneno. Gazeti la mtandaoni liwe chombo chenye mhariri na waandishi wa habari walioajiriwa. Gazeti tando nalo liandikwe katika kamusi kama neno la kihistoria, lisipotee.

Kutenganisha maana si kumtetea mwandishi wala kumtetea mtoza ada. Ni kuhakikisha kwamba mtu anapoulizwa ametenda nini, yeye na anayemuuliza wanatumia neno moja kwa maana moja.