Kutoka Gulu Hadi Kisumu: Mwaka wa Okot p'Bitek Ughaibuni

Mwishoni mwa 1967 mshairi wa Uganda Okot p'Bitek alifutwa kazi Kampala. Ilipofika Desemba 1968 alikuwa Kisumu, ng'ambo ya mpaka, akiongoza tamasha la sanaa alilolianzisha mwenyewe. Umaarufu wa Song of Lawino, kitabu chake cha 1966, umeufunika mwaka huo. Nimeifuata njia yake kwa basi, kuanzia Gulu, kwa sababu naamini ina somo ambalo vyuo vyetu vimelisahau.

Gulu ndiko alikozaliwa mwaka 1931. Mama yake alikuwa mtunzi wa nyimbo, na mtoto aliyelelewa na nyimbo alichapisha riwaya yake ya kwanza kwa Kiacholi mwaka 1953. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya kandanda ya Uganda, naye akabaki huko kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha anthropolojia Oxford. Tasnifu yake ya 1963 ilihusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango.

Msomi wa aina hiyo angeweza kujifungia maktabani. Okot alirudi kwao akaajiriwa na chuo cha Makerere kufundisha watu wazima walio nje ya chuo, huku akikusanya nyimbo vijijini na kuandaa tamasha mjini Gulu. Ukitaka kuelewa alichokuwa akikitafuta, itazame larakaraka, ngoma ya vijana wa Kiacholi. Kila mchezaji hushika nusu ya kibuyu, akaigonga kwa njiti za gurudumu la baiskeli, na mlio wake mkavu hupanda juu ya sauti za waimbaji. Chuma cha kiwandani kimeingia katika ngoma ya jadi, na ngoma haikupoteza kitu. Okot alijua kwamba utamaduni ulio hai hupokea vya wageni bila kujidharau. Ocol, mume wa Lawino katika Song of Lawino, alishindwa kuliona hilo.

Kutoka Gulu barabara inavuka Mto Nile pale Karuma na kushuka hadi Kampala. Jumba la Taifa la Maonyesho bado lipo, na ukuta wake wa mbele wa saruji una matundu kama sega la nyuki. Bunge liko jirani kabisa. Okot alikabidhiwa uongozi wa jumba hilo mwaka 1966, akawaleta wachezaji na waimbaji wa vijijini kwenye jukwaa lililozoea tamthilia za Kiingereza. Oktoba 1967, wakati wa sherehe za uhuru, aliandaa tamasha la siku nane. Lakini Lawino alikuwa amekwisha kuwasema wanasiasa hadharani, na mtunzi wake hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Alikwenda Zambia, na aliporudi akakuta kazi haipo.

Ndipo akavuka kuingia Kenya. Kisumu ilimpokea kama jamaa, kwa kuwa Kiacholi na Kijaluo ni lugha za ukoo mmoja. Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilimpa kazi ile ile aliyoifanya Gulu: kuwapelekea wananchi masomo. Akafundisha, akaendelea na utafiti, na mwaka haujaisha akawakusanya wasanii katika tamasha la Kisumu. Kwake hizo zilikuwa sura tatu za kazi moja, maana nyimbo alizozichunguza ndizo alizozifundisha, na wenye nyimbo ndio aliowapandisha jukwaani.

Oktoba 1968, katika chuo hicho hicho cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika, ikiwemo simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Hoja waliyoiandika wao, Okot alikuwa akiitekeleza kule Kisumu, kando ya ziwa.

Wer pa Lawino, matini ya Kiacholi ya Song of Lawino, ilichapishwa 1969, na mwaka 1975 Paul Sozigwa akatupatia Wimbo wa Lawino kwa Kiswahili. Okot mwenyewe alirejea Makerere na kufariki Julai 1982, akiwa na miaka 51.

Siku hizi vyuo vikuu vimejaa Afrika Mashariki yote, na makongamano ya fasihi hayaishi. Mengi hufanyika kumbini, wasomi wakisomeana makala, ilhali bibi anayezijua nyimbo zenyewe yuko kijijini na hakuna aliyemwalika. Wito wangu kwa wakuu wa idara za fasihi ni huu: mwaka ujao wa masomo, lipelekeni angalau kongamano moja kijijini, na wenye nyimbo wawe wazungumzaji wakuu. Okot aliliweza hilo akiwa mkimbizi wa kazi. Nyinyi mna ofisi, mna mishahara, mna wanafunzi. Hamna kisingizio.