Chupa Ilirudi, Mfuko Haukurudi: Taka za Nyumbani katika Mji wa Gisenyi

Anayeandika historia ya taka nchini Rwanda huanza karibu kila mara na mwaka 2008, ilipopitishwa sheria namba 57/2008 ya tarehe 10 Septemba iliyopiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Mimi napendekeza tuanze nusu karne nyuma, mwaka 1957, pale kiwanda cha bia cha Bralirwa kilipoanzishwa hapa Gisenyi. Swali la taka za nyumbani ni swali la kitu kilichokwisha kutumika: je, kina pa kurudi?

Zamani karibu kila kitu kilichotoka jikoni kilikuwa na pa kwenda. Maganda ya ndizi na ya viazi vitamu yaliliwa na mbuzi. Majivu na makapi ya maharage yalitupwa ingarani, lile shimo la nyuma ya nyumba ambamo taka zilioza zikawa mbolea ya shamba. Kibuyu kilichovunjika shingo kilikatwa kikawa kata ya kutekea maji. Hakuna aliyeita kazi hiyo kutunza mazingira. Ilikuwa akili ya nyumba tu.

Chupa ya bia ilipoingia, ingeweza kuwa taka ya kwanza isiyooza. Haikuwa hivyo, kwa kuwa kiwanda kiliihitaji tena. Mnywaji aliyekwenda dukani bila chupa tupu alitakiwa kuacha amana, na amana ile ndiyo iliyoilinda chupa kuliko amri yoyote. Hata zile ambazo hazikurudi kiwandani zilibaki kazini: za mafuta ya taa, za asali, za maziwa. Kopo la maziwa ya unga au la nyanya lilitobolewa, likatiwa utambi, likawa agatadowa, yaani kibatari. Tairi lililokwisha likawa viatu tunavyoviita rugabire, ambavyo Watanzania huviita katambuga na Wakenya akala. Mji ukijengwa mpakani hujifunza haraka kwamba kila kitu kina mnunuzi upande mmoja au mwingine.

Hapa niruhusiwe kugusa lugha kidogo, maana sisi ni wanafunzi wa Kiswahili. Vyombo vinavyotumika tena na tena viliingia Kinyarwanda kwa majina yanayofanana na ya Kiswahili: icupa, isafuriya, ijerekani. Mfuko wa plastiki ulikuja na jina la Kifaransa, ishashi, kutoka sachet. Sidai kwamba neno moja ni ushahidi wa kutosha, lakini jina hueleza kitu kilikuja na nani.

Na ishashi ndiyo iliyovunja mpango wote. Haikuwa na amana wala mnunuzi. Ingarani haikuweza kuiozesha, mbuzi aliyeila aliugua, na mvua za hapa zinazoteremka kutoka vilimani ziliisukuma kwenye mitaro hadi ziwa Kivu. Kwa hiyo naielewa sheria ya 2008, tena naiunga mkono. Kenya ilifuata Agosti 2017 na Tanzania bara Juni 2019, na mwaka huohuo wa 2019 Rwanda ikaongeza sheria namba 17/2019 dhidi ya plastiki za kutumika mara moja.

Ninachopinga ni simulizi ya kwamba sheria hiyo iligharimiwa na wote sawasawa. Gisenyi na Goma ni kama mji mmoja uliokatwa na kizuizi. Kwenye mpaka mdogo, ule tunaouita Petite Barrière, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka kwa siku kabla ya janga la Korona, wengi wao wanawake wenye mizigo kichwani. Upande wa Goma kitu kidogo chochote kilifungwa kwenye mfuko mwepesi. Upande wa kwetu mfuko huo ni kosa. Hivyo mama anayeuza dagaa au unga ndiye aliyesimama kwenye foleni akihamishia bidhaa kikapuni, na ndiye aliyenunua bahasha ya kaki kwa pesa yake. Wengine waliona faida kwenye marufuku yenyewe, wakavuka na mifuko iliyofungwa kiunoni chini ya kitenge, wakihatarisha mtaji wote. Usafi wa mji wetu una jasho lao ndani yake, na sijaona kitabu cha historia kilichowahesabu.

Pia marufuku haikurudisha mazoea ya zamani. Bahasha ya kaki ikilowa mara moja imekwisha. Viwanja vya Mbugangari, mtaa wangu, vimebana. Ingarani nyingi zimefukiwa na kujengwa vyumba vya kupanga, na maganda ya ndizi, ambayo bibi yangu aliyaona kuwa chakula cha mbuzi, sasa tunayafunga kwenye gunia na kulipa ada ya mwezi yachukuliwe na gari. Tunalipa kuondoa mbolea.

Kitu kimoja bado kinazunguka. Chupa ya plastiki ya maji haina amana kama ya bia, lakini bibi huziosha, huzikausha juu ya ukuta, na muuza mawese huja kuzichukua. Huvuka nazo Goma zikiwa tupu, akazirudisha zimejaa mafuta mekundu, na mara nyingine tunainunua chupa tuliyoitoa wenyewe.