Mweka Hazina Aliyeomba Kura Ili Afute Cheo Chake

Kwa miaka 36 fedha za jimbo la Texas zilitunzwa na Jesse James. Anayezijua filamu za kale za Marekani atashtuka, maana Jesse James anayemfahamu yeye ni jambazi wa Missouri, mvunja mabenki na mteka treni, aliyeuawa kwa risasi mwaka 1882. Huyu wa Texas alikuwa mwingine kabisa: mwanasiasa wa chama cha Democratic, aliyeteuliwa kuwa mweka hazina wa jimbo mwaka 1941, akachaguliwa tena na tena mpaka kifo kilipomtoa ofisini mwaka 1977. Gavana akamteua mtu wa kuziba nafasi yake. Jina lake Warren G. Harding, jina lile lile la rais ambaye serikali yake ilichafuka kwa kashfa ya mafuta ya Teapot Dome miaka ya 1920. Mwaka 1978 wapiga kura wakampa muhula kamili.

Mtunzi wa riwaya angeandika hivyo, mhariri angemrudishia mswada. Lakini majina hayo yanatuingiza moja kwa moja kwenye tatizo la uchaguzi wa namna hii. Mpiga kura wa Texas hupewa karatasi ndefu, yenye gavana, naibu gavana, mwanasheria mkuu, kamishna wa ardhi, majaji na wengine wengi. Enzi hizo alipofika kwenye mstari wa mweka hazina, alijua nini kumhusu mtu huyo? Mara nyingi jina tu. Kabla ya James cheo kilikuwa cha Charley Lockhart, mtu wa kimo cha futi 3 na inchi 9, aliyekikalia kwa muda wa miaka kumi hivi. Sina shaka alikuwa mtu mwenye bidii, lakini sina shaka pia kwamba aliyemwona mara moja kwenye mkutano wa kampeni hakumsahau.

Kwetu Afrika Mashariki jambo lenyewe ni geni. Mkenya hupiga kura sita kwa siku moja, wala hakuna hata moja ya kumchagua mtunza fedha. Anayesimamia fedha za kaunti huteuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti. Tanzania, bosi wa Hazina huteuliwa na Rais. Kwa nini basi Watexas waliona vema kumpigia kura?

Cheo hicho ni kikongwe kuliko jimbo lenyewe. Texas ilipojitenga na Meksiko mwaka 1836 na kuwa jamhuri, ilikuwa na mweka hazina wake, Asa Brigham, mmoja wa waliotia saini tangazo la uhuru. Baada ya kujiunga na Marekani, mabadiliko ya katiba ya mwaka 1850 yakaikabidhi nafasi hiyo kwa wapiga kura. Wakati huo hazina haikuwa tarakimu za kwenye kompyuta. Ilikuwa chumba chenye makasha ya dhahabu na fedha, na makasha huvunjika. Usiku wa tarehe 11 Juni 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa vimekwisha na serikali ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga imesambaratika, genge la watu wapatao 50 liliivamia hazina mjini Austin na kuondoka na sarafu za takriban dola 17,000, zaidi ya nusu ya dhahabu na fedha yote iliyokuwamo. Waliowazuia wasibebe zote ni raia waliojitolea, wakiongozwa na Kapteni George R. Freeman.

Hofu iliyozaa katiba ya mwaka 1876, hata hivyo, haikuwa ya wezi wa usiku. Ilikuwa hofu ya gavana. Wazungu wa chama cha Democratic waliorudi madarakani walimchukia Edmund J. Davis, gavana wa Republican wa miaka ya baada ya vita, wakidai alijilimbikizia mamlaka. Chuki hiyo ilikuwa na mzizi mwingine: serikali yake iliungwa mkono na watu weusi waliotoka utumwani, na polisi wake wa jimbo walikuwa na askari weusi. Wakaandika katiba iliyomvunja gavana vipande vipande. Karibu kila mkuu wa idara akawa na kura zake mwenyewe, gavana asiweze kumfukuza. Fedha nazo zikagawanywa: mdhibiti wa hesabu aidhinishe malipo, mweka hazina azishike pesa zenyewe. Kasha moja, funguo mbili, kila ufunguo kwa mtu wake.

Kwenye karatasi mpango huo ni mzuri. Kilichokosekana ni mtu wa kumtazama mwenye ufunguo. Watu wa jimbo la Kentucky walilijua hilo kwa uchungu. Huko mweka hazina James Tate, aliyepachikwa jina la “Dick Mwaminifu”, alichaguliwa mfululizo tangu 1867, hadi Machi 1888 alipotoweka na karibu robo milioni ya dola za umma. Wakamvua cheo bila yeye kuwapo, na katiba mpya ya mwaka 1891 ikapiga marufuku viongozi wa jimbo kujirithi wenyewe. Texas haikuweka kizuizi hicho. Ndiyo maana Jesse James akakaa miaka 36.

Hakutoroka na pesa. Ila katika kazi hii hasara haihitaji mwizi. Fedha za jimbo huwekwa mabenki, na mweka hazina ana sauti kubwa kuhusu ziwekwe wapi na kwa namna gani. Zikilala kwenye akaunti isiyo na riba, benki huzikopesha na faida inabaki kwake. Hundi ya kodi ikichelewa kupelekwa benki, kila siku ya kuchelewa ni riba iliyopotea, na hakuna gazeti litakaloandika habari ya riba ambayo haikupatikana.

Hapo ndipo anapoingia Ann Richards. Mwaka 1982 alikuwa kamishna wa kaunti ya Travis, ulipo mji wa Austin, akagombea uweka hazina. Harding, aliyekuwa bado ofisini, alikuwa amefunguliwa mashtaka ya kutumia vibaya ofisi; Richards alimtangulia kwa kura kwenye mchujo wa chama cha Democratic, na Harding akajitoa kabla ya duru ya pili. Wapinzani walimshambulia Richards kwa historia yake ya ulevi, naye akasema waziwazi kwamba alitibiwa na ameacha pombe. Novemba alishinda, mwanamke wa kwanza kushinda kura ya jimbo zima la Texas tangu Miriam Ferguson alipochaguliwa gavana mwaka 1932. Miaka 50.

Aliikuta ofisi iliyoachwa nyuma na wakati. Viwango vya riba Marekani vilikuwa juu mno, kwa hiyo kuharakisha hundi kulikuwa na maana kubwa. Akaleta mitambo ya kisasa, hundi zikaanza kufika benki upesi, na mapato ya uwekezaji yakawa hoja yake ya kisiasa. Hilo ndilo alilofanya ambalo waliomtangulia hawakulifanya: aliwaonyesha watu kazi ya mweka hazina ni nini. Mwaka 1988 alitoa hotuba kuu katika mkutano wa taifa wa Democratic mjini Atlanta, na mwaka 1990 akachaguliwa gavana.

Cheo cha kulala kikawa ngazi. Mwaka huo huo wa 1990 kilichukuliwa na Kay Bailey Hutchison wa Republican, naye Juni 1993 akashinda kiti cha Seneti ya Marekani. Baadaye mwaka huo akashtakiwa kwa madai ya kuwatumia watumishi wa hazina kwa shughuli za kisiasa. Februari 1994 mwendesha mashtaka alikataa kuendelea mahakamani, na Hutchison akatangazwa hana hatia.

Kuziba nafasi ya Hutchison, Richards, sasa gavana, alimteua Martha Whitehead, aliyekuwa meya wa Longview. Whitehead aliichunguza ofisi yake na kuona kwamba mdhibiti wa hesabu anaweza kuifanya kazi yote. Mwaka 1994 akaenda kwa wananchi na ahadi ambayo mwanasiasa haitoi: nichagueni nikifute cheo changu. Mwaka ambao Richards mwenyewe aliangushwa na George W. Bush, Whitehead alishinda. Novemba 1995 kura ya maoni ikapitisha mabadiliko ya katiba, na Septemba 1996 ofisi ikafungwa, kazi zake zikahamia kwa mdhibiti, John Sharp. Kuanzia 1983 hadi mwisho, walioishika walikuwa wanawake watatu mfululizo. Nimejiuliza kama kiti kingefutwa kirahisi hivyo kingekuwa bado cha akina Jesse James, lakini itabidi nikiri kwamba aliyekifuta ni mwanamke mwenyewe, kwa hiari yake.

Texas haikuwa peke yake. Minnesota ilipiga kura kama hiyo mwaka 1998, na New York ilikwishaachana na mweka hazina wake miaka ya 1920. Hata hivyo majimbo mengi bado yanamchagua kwa kura.

Mimi nadhani Whitehead alikuwa sahihi kuhusu gharama na hakuwa sahihi kuhusu funguo. Leo mdhibiti wa Texas anakusanya kodi, anakadiria mapato ambayo bunge litayatumia, anaidhinisha malipo na anatunza pesa zenyewe. Kura dhidi yake ni moja kila baada ya miaka minne, siku ile ile ya kura ya gavana, kwenye karatasi ile ile ndefu.