Presha Ilipandia Wapi?

Kwa Kidawida moyo ni ngolo, na wazee wetu wa milimani hawakuufikiria kama pampu. Moyo ulikuwa makao ya hasira. Ndugu akikukasirikia kisha akanyamaza, hasira ikikaa ndani yake, mtoto angeweza kuugua, ng'ombe angekufa, mvua ingekawia. Dawa yake ilikuwa kutasa: unajaza kinywa kwa maji au pombe ya miwa, unapuliza nje, huku ukitamka maneno ya kuupoza moyo. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hilo, Casting Out Anger, kilichotoka mwaka 1978.

Nayataja haya kwa sababu bado tuko hapo hapo. Mtu akianguka ghafla pale soko la Voi, maelezo ya kwanza utakayosikia ni kwamba alikuwa na mawazo mengi. Mjomba wangu alipopigwa na kiharusi akiwa na miaka 51, ukoo ulikaa siku mbili kutafuta nani alimuudhi. Kesi ya shamba ikatajwa, mke wa pili akatajwa, deni la Sacco likatajwa. Chumvi haikutajwa na mtu. Wala hakuna aliyeuliza kama aliwahi kupimwa presha.

Sisemi mawazo hayana lake. Lakini presha ina historia yake katika Afrika Mashariki, na imeandikwa kwa tarakimu.

Inaanzia upande wa pili wa nchi, huko Kisii, ambako wakati huo wakoloni walikuita Kavirondo Kusini. Daktari Mwingereza aitwaye C. P. Donnison aliwapima presha watu wapatao 1,000 akachapisha matokeo katika jarida la Lancet mwaka 1929. Huko Ulaya ilikuwa inajulikana kwamba presha hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Kwa watu aliowapima Donnison haikupanda. Baada ya umri wa miaka 40 hivi ilielekea hata kushuka. Na katika miaka miwili, miongoni mwa wagonjwa kama 1,800 waliolazwa, hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu. Mwaka 1937 alitoa kitabu akihusisha maradhi ya aina hii na "ustaarabu". Neno hilo linanikera, maana kwake ustaarabu ulikuwa Ulaya, na wale aliowapima walikuwa "natives" tu. Ila vipimo vyake siwezi kuvitupa kwa sababu ya kiburi chake.

Siwezi kwa sababu wengine walikuja nyuma yake wakakuta mwelekeo ule ule. Katika miaka ya 1960, A. G. Shaper, aliyekuwa Makerere, aliwachunguza Wasamburu. Wazee kwa vijana, presha yao ilikuwa chini. Kisha akawafuata wamorani walioandikwa katika Jeshi la Kenya. Watu wale wale, damu ile ile, ila sasa wanakula chakula cha kambi chenye chumvi nyingi kuliko maziwa na nyama ya nyumbani. Presha yao ikapanda.

Utafiti ulionikalisha kitako hasa ni wa Neil Poulter na wenzake, uliochapishwa katika British Medical Journal mwaka 1990. Waliwafuata Waluo 325 waliohama kutoka vijiji vya kando ya Ziwa Victoria kwenda Nairobi, wakawalinganisha na 267 waliobaki. Wahamiaji walipimwa baada ya mwezi mmoja, mitatu, sita, hadi miaka miwili. Presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao wa kijijini, na mkojo wao ulionyesha sodiamu nyingi ikilinganishwa na potasiamu. Umri wao? Kati ya miaka 15 na 34. Yaani wewe, na mimi, na yule rafiki yako aliyehamia Nairobi juzi na godoro moja.

Sasa turudi Voi. Mji huu umezaliwa na safari. Reli ya kutoka Mombasa ilifika hapa mwishoni mwa miaka ya 1890, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia tawi likajengwa kuelekea Taveta. Mashamba ya mkonge yakawavuta watu Mwatate na Voi kwenyewe. Mwaka 1948 mbuga ya Tsavo ikatwaa eneo kubwa mno la ardhi. Halafu malori ya barabara kuu, halafu treni ya SGR mwaka 2017. Wadawida wamekuwa wakishuka mlima kwa zaidi ya karne moja, na kila anayeshuka huacha juu viazi vitamu, maharagwe, ndizi, kimanga, na ile ngazi ya mashamba ya Werugha inayokutoa jasho kabla ya saa tatu asubuhi. Chini anakuta mkate, chipsi, nyama choma, soda, na boda ya kumpeleka Kaloleni, mwendo ambao nyanya yangu angeutembea akiwa na kuni kichwani.

Mwilini mambo huenda hivi. Chumvi hushika maji, damu huongezeka mishipani, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Baada ya miaka, kuta za mishipa hukakamaa na msuli wa moyo hunenepa, na unene huo si afya. Potasiamu, ambayo imejaa kwenye vile vyakula tulivyoviacha mlimani, huzisaidia figo kutoa sodiamu. Sigara huumiza mishipa hiyo hiyo, na sukari ya damu iliyopanda vilevile. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na viungo vya pakiti.

Yote hayo huendelea kimya kimya. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima Kenya wana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwahi kupimwa. Kupima ni kazi ya dakika chache tu: kaa utulie kwanza, usizungumze, mkono uegemee meza. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine upimwe tena, na ikibaki hapo muone daktari. Ukipewa dawa usiziache kwa sababu unajisikia vizuri; mjomba naye alikuwa anajisikia vizuri.

Mimi hupima kila baada ya miezi michache. Na kwenye kibanda cha chipsi pale stendi, huwa namuomba dada asininyunyizie chumvi. Mara ya kwanza aliniangalia kwa huruma.

"Pole, wewe ni mgonjwa?"

Nikamwambia hapana, nina miaka 29.