Mwaka wa Kwanza Wodini

Historia ya uuguzi nchini kwetu huandikwa kwa majina ya vyuo na tarehe za sheria. Mimi niliyezaliwa bonde la Ngaka, wilaya ya Mbinga, na kufanya kazi wodi ya wazazi mpaka nikastaafu, naona sehemu yake kubwa imeachwa nje: ule mwaka wa kwanza baada ya chuo, binti amevaa sare mpya, cheti kimo mkobani, na mama mwenye uchungu amelala mbele yake. Mwaka ule alifundishwa na nani?

Huku kwetu wodi zilitangulia, vyuo vikafuata. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na mwaka 1914 wakafungua misheni ya Litembo, juu kwenye milima ya Umatengo. Upande wa ziwa, Waanglikana wa misheni ya UMCA walizunguka Nyasa kwa meli. Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901, ilibeba mahubiri, masomo na dawa kwa pamoja. Baadaye Liuli ikapata hospitali ya Mtakatifu Anna, ambayo ipo mpaka leo. Wasaidizi wa mwanzo wa misheni hawakupita chuo chochote. Walianza kwa kufua bandeji, kuchemsha sindano na kutafsiri maneno ya mgonjwa, na kadiri miaka ilivyokwenda wakawa ndio wanaofunga vidonda na kupokea watoto usiku.

Mwaka 1952 ikatungwa sheria ya kusajili wauguzi na wakunga Tanganyika, na hospitali za misheni zilizotaka kutoa vyeti zikapaswa kufundisha kwa utaratibu unaotambuliwa na serikali. Huku kusini alikuwapo Daktari Leader Stirling, aliyekuja Masasi mwaka 1935, akawafundisha uuguzi vijana wa kusini palepale alipowatibia wagonjwa, na miaka mingi baadaye akawa Waziri wa Afya, kuanzia 1975 hadi 1980. Sheria ile ilikuwa njema. Mgonjwa alipata haki ya kujua kwamba anayemshika amefuzu. Lakini ilichora mstari. Waliokuwa na cheti wakaitwa wauguzi, na wale wasaidizi wa zamani wakabaki wahudumu, wenye mshahara mdogo na ujuzi uleule waliokuwa nao jana yake.

Hao wahudumu ndio waliokuwa walimu wa mwaka wa kwanza. Sijaona popote walipoandikwa hivyo.

Nilimaliza chuo miaka ya sabini, wakati serikali ilipokuwa ikipeleka huduma vijijini kwa kasi ambayo haikuwa imeonekana kabla. Zahanati na vituo vya afya vilijengwa, na wasichana waliomaliza shule ya msingi walichukuliwa kusomea kazi ya wasaidizi wa afya ya mama na mtoto kwa miezi 18. Hukutafuta kazi wakati ule. Ulipangiwa kituo, ukafunga sanduku, ukaenda. Wenzetu waliopangiwa Liuli au Mbamba Bay kutoka Mbeya walishuka bandari ya Itungi wakapanda meli. Sisi wa milimani tulipanda nyuma ya lori, juu ya magunia, na masika lori lilikwama mpaka watu wakashuka kusukuma.

Mama aliyenipokea leba alikuwa mhudumu, Mmatengo, darasa la nne la enzi ya mkoloni, mikono ya mtu aliyelima mashimo ya ngolo tangu utotoni. Mimi nilimwita mama. Yeye aliniita sista mbele ya wagonjwa, na mwanangu tukiwa wawili. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kusikiliza moyo wa mtoto kwa ile pembe ya Pinard, na nilijua kwa kichwa kwamba mapigo yawe kati ya 120 na 160 kwa dakika. Yeye alichukua mkono wangu wa pili, ule uliokuwa ukining'inia bila kazi, akauweka kwenye kifundo cha mkono wa mzazi aliyelala mbele yetu. Mapigo ya mkononi yakienda sambamba na ya kwenye pembe, akasema, unayemsikia ni mama, mtoto bado hujampata. Kisha akanizuia nisiondoe sikio uchungu ulipopita. Mtoto anayechoka hujulikana pale tumbo linapoanza kulegea, na nesi mwenye haraka huwa ameshanyanyuka.

Aliniambia pia nisipime uchungu kwa kelele. Wako wazazi wanaopiga ukunga mapema, na wako wa kwetu wanaong'ata kanga na kunyamaza mpaka kichwa kinaonekana. Weka kiganja juu ya tumbo, hesabu maumivu yanakuja mangapi kwa dakika kumi. Na wenzangu waliotoka Bukoba au Moshi, ambao hawakujua neno moja la Kimatengo, waliishi kwa ulimi wa mama huyo.

Saa moja na nusu asubuhi zamu ya usiku ilitoa ripoti kitanda kwa kitanda, tukiwa tumesimama mbele ya mgonjwa mwenyewe. Sista mkuu wa wodi hakumuuliza mzoefu. Alimuuliza mgeni: huyu kwa nini ana dripu? Huyu amekojoa lini? Usipojua ulikaa baada ya zamu mpaka ujue. Tulichoka, wengine walilia, lakini baada ya miezi michache ulikuwa huwezi kupita kitanda bila kukitazama.

Ilipofika patografu, karatasi ya kuchorea maendeleo ya uchungu, nayo tulifundishana hivyohivyo. Karatasi hiyo ina asili ya karibu: Philpott na Castle waliitengeneza Harare, wakati huo ikiitwa Salisbury, wakaichapisha mwaka 1972 kwa ajili ya wakunga waliokuwa mbali na daktari. Ina mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, na kati ya hiyo miwili kuna muda wa saa nne, nafasi ya kumfikisha mama penye upasuaji. Kwa msomaji wa mjini ni mistari miwili tu. Kwa mkunga wa Mbinga kabla ya lami, saa nne hizo zilikuwa barabara, matope, dereva na mafuta, na mzoefu alimwambia mgeni wazi: wewe usiungoje mstari wa pili.

Mnyororo huo wa kufundishana wodini ulikatika miaka ya tisini. Katika masharti ya kurekebisha uchumi, serikali ilisimamisha ajira mpya na kupunguza watumishi. Mabinti waliofuzu walikaa nyumbani wakiuza vitumbua, na wodini wazoefu wakazeeka bila mtu wa kurithi. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) ulipokuja mwaka 2007, ukilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, vyuo vilijaa tena. Wanafunzi wakarudi wengi, na walimu wa mwaka wa kwanza walikuwa wameshastaafu au wamelala makaburini. Hasara hii naiona kubwa kuliko ya majengo yaliyochakaa.

Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, walilipima jambo hili la kufundishwa kazini. Watumishi wa afya walipewa kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto asiyepumua. Kwenye mwanasesere walifanya vizuri, leba mambo yakabaki yaleyale. Hospitali ikaanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11 hivi hadi 7 kwa kila vizazi hai 1,000. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Niliposikia, nilimkumbuka yule mama na mkono wangu uliokuwa ukining'inia.

Leo mwenye shahada ya uuguzi huwa muuguzi tarajali kwa mwaka mmoja, katika hospitali kubwa iliyoidhinishwa, chini ya macho ya wakubwa wake. Ni utaratibu mzuri na naupenda. Lakini zahanati zetu haziendeshwi na wenye shahada. Zinaendeshwa na wa stashahada na wa cheti, na hao huweza kutoka chuoni leo na kesho wakakabidhiwa funguo za kijiji. Tangu makaa ya mawe yaanze kuchimbwa Ngaka mwaka 2011, watu wameongezeka vijiji vya Ntunduwaro na Ruanda, na wajawazito nao. Nimemkuta huko binti aliyetoka tu chuoni, yuko peke yake usiku, mama ana uchungu, na pembe iko kabatini kwenye mfuko wake wa plastiki.

Ningetaka kila muuguzi mpya wa wilaya yetu apitie kwanza miezi sita leba ya hospitali ya Litembo au ya Mbinga mjini, akishika zamu za usiku na mzoefu, ndipo apewe zahanati. Kinachotakiwa ni chumba, posho ya chakula, na mtu wa kumshika mkono. Wakunga wastaafu tupo Mbuji, Maguu na Kigonsera, na wengi wetu bado tunaweza kusimama usiku kucha.