Shujaa Mwenye Majina Mawili

Kila shujaa wa komiki ana majina mawili, moja la mtaani na moja la vitani. Mkenya transjenda naye anayo mawili, ila moja hakulichagua, na ndilo lililo kwenye cheti.

Naandika riwaya ya mapenzi hapa Machakos. Shujaa wake ni msichana transjenda anayepaa. Watu huniambia hayo ni mambo ya Marekani. Ni kweli huko April Daniels alichapisha Dreadnought mwaka 2017, na shujaa wake ni msichana kama huyo. Lakini wangu nimemtoa kortini Nairobi.

Audrey Mbugua alifaulu KCSE, akasoma Chuo Kikuu cha Maseno. Alipoanza kuishi kama mwanamke, cheti kiliendelea kumtaja kama mwanamume. Nenda basi na karatasi hiyo kuomba kazi! Sisi tulioacha chuo tunajua vizuri: hapa Kenya, cheti cha KCSE ndicho kinachokutangulia mlangoni. Akalishtaki Baraza la Mitihani, na Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir akaamuru apewe cheti kipya chenye jina lake, kisicho na alama ya jinsia. Alama za mtihani hazikupungua hata moja.

Mapenzi nayo yana historia yake. Filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, kuhusu wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku Aprili 2018. Kahiu alieleza kwamba bodi ilitaka abadilishe mwisho, eti una matumaini mno. Septemba korti ikaifungulia kwa siku 7 tu, na watu wakajaa kumbini. Mei 24, 2019, Mahakama Kuu ikakataa kufuta vifungu 162 na 165 vya sheria ya adhabu. Cha kwanza kinabeba kifungo cha hadi miaka 14.

Wazee wa Ukambani wanaijua iweto: mwanamke asiye na mtoto humwoa mwanamke mwenzake ili uzao ubaki kwa jina lake. Hiyo ilikuwa ndoa ya ukoo na urithi, sitaiita mapenzi. Lakini inaonyesha kwamba hata hapa, jinsia na nafasi ya mtu nyumbani vimewahi kutenganishwa, tena mbele ya wazee.

Ndiyo maana nimekataa kumuua shujaa wangu ukurasa wa mwisho. Anapendwa, anarudi nyumbani, na anaitwa kwa jina lake.